Steringi Hafi? Aina Nne za Filamu kwa Familia Inayoshindwa Kuchagua

Mpwa wangu ana miaka kumi na mitatu na tayari anaijua filamu kabla haijaisha. Ikifika dakika ya ishirini hivi anageuka na kuniambia: "Mjomba, huyu mzee anayemfundisha atakufa. Kijana atapigwa mara ya kwanza, ataenda kukaa peke yake, halafu atarudi ampige yule mbaya. Steringi hafi." Kisha inakuwa vilevile alivyosema.

Nilikua na maneno hayo. Kwenye kibanda umiza cha utotoni mwangu, chenye mabenchi ya mbao na gunia lililozibwa dirishani, aliyechelewa kuingia aliuliza swali moja tu: steringi ni yupi? Akishaonyeshwa alitulia, kwa sababu steringi hafi. Kwetu sisi ile ilikuwa ahadi, na ilitufurahisha. Mtoto huyu anayasema maneno yaleyale kwa kuchoka, na inaniuma kumwona mtu wa umri wake hana tena hamu ya kujua kitakachofuata.

Jumamosi jioni sebule yetu hapa Uyole inajaa. Yupo mama yangu, mzaliwa wa Tukuyu, yupo dada, wapo wapwa, na jirani huja na wanawe. Mwezi wa saba baridi ikibana hakuna anayetaka kutoka nje. Flashi inakuwa imetoka Mwanjelwa imeshiba muvi, na ubishi unaanza: tuweke ipi? Najua nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zina ubishi huohuo. Nimeamua kuweka mezani aina nne tunazogombania, nizipime kwa vipimo vilevile, ili kila nyumba ichague inayoifaa.

Vipimo, na kwa nini sikuuliza kama filamu inafuata kanuni

Kanuni ya shujaa ina historia yake. Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell alitoa kitabu kilicholinganisha ngano za mataifa mengi, akadai zina umbo moja: kijana anaitwa, anasita, anapata mwalimu, anavuka kwenda asikokujua, anajaribiwa, anarudi na kitu cha kuwafaa watu wake. George Lucas alikiri kwamba Campbell alimwongoza alipotunga Star Wars, iliyotoka 1977. Mwaka 1985 Christopher Vogler, aliyekuwa akifanya kazi Disney, aliufupisha ule mzigo wote kuwa waraka wa kurasa saba, na waraka ukazunguka ofisi za Hollywood. Mwaka 2005 Blake Snyder akatoa mwongozo wenye hatua kumi na tano, na nyingi akazitajia hadi ukurasa wa mswada zinapotakiwa kutokea. Elimu ya ngano ikawa fomu ya kujaza.

Hata hivyo siwezi kuilaumu kanuni yenyewe. Bibi zetu walikuwa nayo. "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Tulijua sungura atamshinda fisi, na bado tuliomba hadithi ileile kesho yake. Akira Kurosawa alitengeneza Seven Samurai mwaka 1954, kisa cha wapiganaji wanaokodiwa na wanakijiji maskini kuwakinga na majambazi. Mwaka 1960 Wamarekani waliwavisha mashujaa hao kofia za wachunga ng'ombe, na mwaka 1975 India ikatoa Sholay, iliyochota humohumo. Mifupa ni ileile, na filamu zote tatu watu wanazipenda hadi leo. Kwa hiyo ukiuliza tu kama filamu inafuata kanuni hutapata msaada wa kuchagua.

Mimi nauliza mambo manne.

La kwanza ni malipo: steringi anapoteza nini kisichorudi?

La pili naliita msiba, na nimelipata kwa mama. Siku moja jiji zima lilikuwa linaporomoka kwenye skrini, watoto wanashangilia, mama akauliza taratibu, "Wale waliokuwa ndani ya yale maghorofa, wanazikwa na nani?" Hakuna aliyemjibu. Huku kwetu mtu akifa turubai linafungwa, kina mama wanapika, wanaume wanakaa nje usiku kucha, na asiyefika anaulizwa. Filamu inayoua watu mia mbili bila tone la chozi inamfundisha mtoto kitu, na mimi ningependa nijue ni kitu gani kabla sijaiweka.

La tatu ni ubashiri, yaani kama unaona mwisho mapema, na ukishauona unabaki na hamu au unachukua simu.

La nne ni sebule: lugha, urefu, gharama ya bando au flashi, na kama bibi na mjukuu wanaweza kukaa pamoja bila mmoja kuona aibu.

Mashujaa wa Marekani wenye mavazi yao

Kwenye malipo hawa ndio walio dhaifu, ingawa si wote. Mfululizo mkubwa wa Marvel ulianza mwaka 2008 na Iron Man. Mwaka 2019 shujaa huyo akafa kwenye filamu iliyokusanya takriban dola bilioni 2.8, na watu wazima walilia kweli. Mpwa wangu mwenyewe alinyamaza siku nzima. Halafu Julai 2024 ikatangazwa kwamba Robert Downey Jr., mwigizaji wake, anarudi kwenye mfululizo huohuo, safari hii kama adui. Nilimwona mtoto anaisoma habari ile kwenye simu ya dada. Hakufurahi. Alisema tu, "Unaona, Mjomba?" Kwake yeye lile chozi la 2019 lilikuwa limedaiwa kurudishwa.

Kwenye msiba, filamu moja ilinishangaza. Chadwick Boseman, steringi wa Black Panther ya 2018, alifariki Agosti 2020, mwigizaji mwenyewe, kwa ugonjwa. Mwendelezo uliotoka 2022 unafungua na mazishi, watu wamevaa nyeupe, wanacheza na kumsindikiza mfalme wao. Hii ndiyo filamu pekee ya aina hii ambayo mama aliitazama hadi mwisho. Fomu ya kujaza ilikuwa imevunjwa na kifo cha kweli, ikabidi watunzi wafanye kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango.

Ubashiri ni rahisi, na sababu yake si uvivu wa watunzi. Filamu inayogharimu zaidi ya dola milioni 200 inatakiwa ieleweke Beijing, São Paulo na Mwanjelwa bila kupoteza mtu njiani. Ngumi haihitaji mkalimani. Zamani filamu za bajeti ya kati zilipata nafasi ya pili kwenye mauzo ya DVD. Biashara hiyo ilipokufa, kampuni zikakimbilia majina ambayo mteja anayajua tayari. Ndiyo maana Spider-Man ameanzishwa mara tatu, 2002, 2012 na 2017, na ndiyo maana filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani mwaka 2024 ilikuwa sehemu ya pili ya katuni. Mwenye hoja kwamba ubunifu umepungua ana ushahidi. Lakini ubunifu haujapungua kwa mafundi wa picha, wa sauti na wa mavazi. Kazi yao ni ya hali ya juu, na mtoto anayetaka kujifunza uhuishaji ana mengi ya kuangalia humo.

Sebuleni lugha ni Kiingereza, na anayesoma kidato cha kwanza hufaidika sikio. Bibi hafaidiki. Mafaili ni mazito kwenye bando.

Zinawafaa watoto walio wengi pamoja, wanaotaka Jumatatu shuleni wawe na cha kusimulia, na mtu mzima aliyerudi shambani amechoka, asiyetaka kubeba huzuni nyingine.

Mapigano ya Kihindi, hasa ya kutafsiriwa

Hapa mama huvuta kiti karibu, kwa sababu steringi wa Kihindi ana mama. Nimeliwaza hili mara nyingi. Shujaa wa Marekani mara nyingi ni yatima, wazazi wameuawa mwanzoni ili apate hasira. Wa Kihindi anarudi nyumbani amechubuka, mama anamfuta damu kwa ncha ya sari na kumgombeza. Mara moja unajua akifa nani atalia, na kwa hiyo unaogopa asife.

Na wakati mwingine anakufa. Katika Sholay, Amitabh Bachchan anafia mikononi mwa rafiki yake, na mwanamke aliyempenda anafunga dirisha. Wazee waliokuwa vijana miaka hiyo bado wanaisimulia. Kwa hiyo kwenye malipo na msiba hizi zinapata alama nzuri, ingawa za siku hizi zimeanza kuwa na steringi anayerushwa kutoka ghorofani na kusimama akikung'uta vumbi.

Mfano ninaopenda kuupima ni RRR ya mwaka 2022, ya mtunzi S. S. Rajamouli, kwa lugha ya Kitelugu, inayozidi saa tatu. Wimbo wake ulipata tuzo ya Oscar mwaka 2023, na watoto wa mtaa wetu walikuwa wanauchezea barabarani. Mashujaa wake wawili walikuwa watu wa kweli, Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem, waliopigana na watawala kwa nyakati tofauti. Kihistoria hawakuwahi kukutana. Raju aliuawa na Waingereza mwaka 1924, Bheem aliuawa mwaka 1940. Filamu inawafanya marafiki na kuwapa ushindi. Niliipenda sana, nikaruka kwenye kiti pamoja na wengine, na usiku ule sikulala mapema. Nilijiuliza kama ni heshima kwa waliokufa kuwapa ushindi ambao hawakuupata, au ni kuwanyang'anya kifo chao. Sijapata jibu moja. Nadhani Mhindi aliyelelewa na kumbukumbu zao anaweza kupokea ushindi ule kama dua. Mtoto wa Uyole, asiyejua kilichotokea, anaondoka na steringi hafi tena.

Kuhusu ubashiri, mtazamaji wa Kihindi haoni aibu kujua mwisho. Ni kama ngoma: mwendo unaujua, unachokuja kuona ni mchezaji. Kuna wimbo, kuna kichekesho, kuna chozi, kuna mapumziko katikati yanayokuacha pabaya ili urudi.

Sebuleni zinashinda kwa jambo moja la kwetu wenyewe, tafsiri. Tangu enzi za Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu, msimuliaji wa Kiswahili huingia juu ya filamu na kuifanya mali ya wasikilizaji. Anampa adui jina la mtaani, anatia methali, anamwambia mtazamaji kinachokuja. Wengine wanasema anaharibu. Mimi naona ni ubunifu unaofanyika mbele ya macho yetu na hatuuiti hivyo: hadithi ya Hyderabad inasimuliwa upya na mtu anayejua nyumba yetu inacheka wapi. Ubaya ni kwamba anasema mwisho kabla haujafika, na anazungumza juu ya vilio ambavyo vingefaa kuachwa kimya.

Zinaifaa nyumba yenye wazee na watoto pamoja, yenye muda na umeme wa uhakika, maana ukikatika saa ya pili utagombana na kila mtu.

Bongo Movie na tamthilia za nyumbani

Steringi wetu hapigani sana. Ni mke aliyefukuzwa, msichana wa kazi, kijana aliyerudi mjini mikono mitupu. Anachoweza kupoteza ni ndoa, kiwanja, heshima, mtoto, na mambo hayo yakipotea kwa kweli hayarudi. Kwenye kipimo cha malipo nazipa alama kubwa kuliko wengi wanavyotarajia. Kwenye msiba zinajua kila kitu: nani anakaa wapi, nani anafika amechelewa na miwani nyeusi, nani anaanza kugombania mali kabla arobaini haijaisha. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu walijaa barabarani Dar es Salaam kumzika, na huku juu watu walikaa mbele ya runinga kama wamefiwa nyumbani. Mwigizaji hapati hilo kwa kanuni peke yake.

Kanuni ipo na inaonekana. Kijijini, mjini, tajiri, mchawi, mama mkwe, kuumbuka, kuombana msamaha. Kwa miaka mingi kisa cha saa moja na nusu kilikatwa kuwa sehemu ya kwanza na ya pili ili kiuzwe mara mbili, na kile kirefusho cha gari linaloingia getini polepole kilitokana na biashara hiyo. Ninachokililia zaidi ni kwamba kwetu huku mara nyingi tunaonekana kama mahali mtu anapotoka. Basi linaondoka, na Nyanda za Juu zimekwisha. Mtu aliyewahi kuona ukungu ukishuka Rungwe saa kumi jioni, au wakulima wa viazi wa Njombe wakijadiliana na dalali kando ya lori, anajua visa vimelala hapa vinangoja.

Sebuleni hazina mshindani kwa lugha. Mama anajibizana na skrini, dada anamjibu mama, na nusu ya utamu ni hayo majibizano. Zinapatikana kwenye king'amuzi na kwenye simu bila kutafuta. Ila si kila moja ni ya kutazama na watoto. Soma maelezo kwanza.

Ni chaguo la wanaotaka kuzungumza wakati wa filamu, na la familia yenye jambo gumu la ndoa au urithi ambalo hakuna anayethubutu kulianzisha.

Watunzi waliokwenda njia yao

Hizi flashi ya Mwanjelwa mara chache huwa nazo. Inabidi utafute kwenye majukwaa ya kulipia au umsubiri mtu aliyezipata kwenye tamasha la filamu Zanzibar. Nataja tatu tulizotazama sebuleni, kwa sababu zilitufundisha mambo matatu tofauti.

Ya kwanza ni Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali, iliyopata tuzo ya majaji Cannes mwaka 1987. Ukiisimulia inafanana na kanuni ya Campbell: kijana mwenye nguvu za ajabu anawindwa na baba yake mchawi, anasafiri, anarudi kupambana. Lakini mwisho hakuna anayeshangilia. Nguvu hizo zinawateketeza wote wawili, na kinachobaki ni mtoto mdogo kwenye mchanga. Lugha ni Kibambara, ikabidi mimi nitafsiri kwa sauti, vibaya. Watoto wawili walilala. Mama hakulala, alisema mambo ya baba na mwana yanafanana kila mahali, akanikumbusha Fumo Liyongo wa pwani aliyechomwa kitovuni sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Hadithi ile ina umri mkubwa kuliko sinema, na ndani yake steringi anakufa.

Ya pili ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950. Kiswahili chake ni kizuri hadi unataka kurudia nyuma usikie tena. Mwendo ni wa polepole, na jirani aliniuliza mapigano yanaanza saa ngapi. Swali lake ni halali. Polepole si ubunifu, na filamu ya tamasha inaweza kuwa na kanuni zake: ukimya mrefu, mtu anatazama dirishani, mwisho usiofungwa. Mpwa wangu akitazama tano za namna hiyo atazibashiri nazo.

Ya tatu ndiyo iliyobadilisha mawazo yangu. Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, dakika 74 tu. Mtoto wa kike, Jo, ana ugonjwa usiopona. Anapenda filamu za mashujaa kuliko kitu chochote. Anatolewa hospitali arudi nyumbani, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Haikufika dakika ya ishirini mpwa wangu akasema, "Mjomba, huyu atakufa." Nilingoja achukue simu. Hakuichukua. Alisogea mbele, akakaa sakafuni karibu na skrini, na hakusema neno tena hadi mwisho.

Alikuwa ameshaujua mwisho, na hakuchoka. Kumbe kilichokuwa kinamchosha miezi yote ile hakikuwa kujua kitakachotokea. Alichoka kuambiwa aogope mahali ambapo hakuna cha kuogopa. Jo hana nguvu yoyote isipokuwa watu wanaompenda, na hao hawawezi kuzuia kinachokuja. Kipimo cha malipo na kipimo cha msiba vilikutana pale, na kile cha ubashiri kikapoteza uzito. Sasa nakihesabu mwisho kabisa.

Chukua hizi kama una usiku mmoja wa utulivu, watu watatu au wanne, na nafasi ya kuzungumza baada ya taa kuwashwa. Kwenye sebule ya watu kumi na wawili na watoto wachanga, zitapotea bure.

Zijaribu zote kwa Mkwawa

Ninapotaka kumwonyesha mtu tofauti ya njia hizi namwomba amfikirie Mtwa Mkwawa, maana sisi wa huku tunamjua bila kuambiwa.

Mwanzo wake ni chakula cha kanuni. Baba yake, Munyigumba, anafariki mwishoni mwa miaka ya 1870. Mpinzani, Mwambambe, anataka nchi. Mkwawa anapigana vita ya kurithi na kushinda. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, Wahehe wanakivizia kikosi cha Wajerumani na kukivunja, na kamanda wake Emil von Zelewski anauawa. Fomu ya Hollywood inasimama hapo, muziki unapanda, majina yanateremka. Mhindi angeongeza mama, wimbo kabla ya vita, na pengine angemkutanisha na shujaa wa kabila jingine ambaye hawakuwahi kuonana. Bongo ingeingia ndani ya boma la Kalenga na kuuliza wake zake walilala vipi usiku ule.

Lakini kisa hakikuishia Lugalo. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilianguka. Mkwawa akaishi porini karibu miaka minne, kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, watu wake wakiadhibiwa kwa kumlisha. Tarehe 19 Julai 1898, Mlambalasi, akajipiga risasi asikamatwe hai. Kichwa kikachukuliwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu, cha 246, kinachodai fuvu hilo lirudishwe. Lilirudi mwaka 1954, na lipo Kalenga.

Mtunzi anayemaliza Lugalo hajasema uongo, ila amewanyima watazamaji nusu iliyo ngumu: miaka minne ya njaa, usaliti na uaminifu, na kifo ambacho hata leo wazee wanakizungumzia kwa sauti ya chini. Seko Shamte alitengeneza filamu juu ya Mkwawa mwaka 2011, na nafasi bado ipo kwa wengine kumi. Kijana wa Kihesa au Mlandege mwenye kamera na ndoto ya kutunga shujaa, namsihi asianze na mtu mwenye joho.

Kwa hali yako

Kama nyumba imejaa watoto na wazazi wamechoka, weka Mmarekani bila kujilaumu, kisha muulize mmoja wao kabla ya kulala: nani alikufa leo, na nani alimlilia? Swali hilo halihitaji hotuba.

Kama bibi amekuja kutoka kijijini kwa wiki mbili, Kihindi cha kutafsiriwa. Mwekee chenye mama ndani, na uanze saa kumi na mbili jioni ili saa tatu zisimkute na usingizi.

Kama kuna jambo la familia limekaa kooni, Bongo, na usiwazuie watu kuongea.

Kama mtoto wako ameanza kusema "nimeshajua mwisho" na kuondoka, mpe Supa Modo akiwa na wewe peke yako. Uwe na muda baada yake, maana atauliza kuhusu kifo, na hutakiwi kumjibu kwa haraka.

Kama wewe ni kijana unayeandika, tazama zote nne kwa zamu mwezi mzima, daftari mkononi, na kila mara uandike dakika ambayo steringi alipoteza kitu. Ukifika mwisho wa filamu na ukurasa ni mtupu, iandike hiyo pia.

Na kama uko Iringa mjini wikiendi hii, nendeni kwanza Kalenga mchana, na watoto. Ni mwendo mfupi. Wakishasimama mbele ya lile fuvu, waacheni wakae kimya wanavyotaka, halafu jioni wao ndio wachague cha kuweka.